Kinasa-mapigo cha saa 24 Malindi: tathmini ya huduma kwa mgonjwa mwenye Chagas

Kliniki ninayoiandikia ni ya binafsi, iko Malindi upande wa barabara ya kwenda Lamu, ghorofani juu ya duka la dawa, na huduma iliyotupeleka huko ni moja: kufungwa kinasa-mapigo cha Holter, kile kifaa kidogo kinachovaliwa mwilini mchana na usiku ili kuandika kila pigo la moyo. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa pamoja na sifa ninazo lawama pia, na lengo langu ni kumsaidia mgonjwa mwingine ajue aulize nini kabla ya kulipa. Naamini huduma hii ni ya thamani kubwa kwa watu wa pwani wenye mapigo yanayovurugika, na kwa mgonjwa wetu ilikuwa ya lazima, ingawa baadhi ya mambo yanayoizunguka hayajafikia ubora wa kipimo chenyewe.

Mgonjwa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Alizaliwa mashambani katika eneo la Cochabamba nchini Bolivia, akafanya kazi Bergamo, Italia, mji wenye jamii kubwa ya Wabolivia, na baadaye akaolewa kwetu. Alipokuwa mjamzito huko Italia alipimwa damu na kuonekana ana ugonjwa wa Chagas, ambao karibu kila mtu hapa Malindi tuliyemtajia alikuwa hajawahi kuusikia. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1909 na daktari Carlos Chagas katika mji mdogo wa Lassance, jimbo la Minas Gerais, Brazil, alipokuta kimelea katika damu ya mtoto wa miaka 2 aitwaye Berenice. Kimelea hicho, Trypanosoma cruzi, ni cha ukoo mmoja na vile vinavyoleta malale huku Afrika, ila hakibebwi na mbung'o. Hubebwa na mdudu mkubwa wa jamii ya kunguni anayejificha katika nyufa za kuta za udongo na ndani ya mapaa ya nyasi, akatoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Kinachoambukiza ni kinyesi anachokiacha juu ya ngozi, ambacho huingia mwilini mtu anapojikuna au kujifikicha macho.

Maambukizi ya mdudu huyo ni ya bara la Amerika, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban milioni 7 wanaishi na vimelea hivyo. Nje ya huko ugonjwa husafiri ndani ya watu wenyewe, na hupita kwa damu ya kuongezewa, kwa kiungo kilichopandikizwa, au kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Haupiti kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja, na ninaliandika hili kwa msisitizo kwa sababu majirani wawili watatu walianza kumkwepa wifi yangu bila sababu yoyote. Jambo la haki kumwomba ni asichangie damu, kwa kuwa damu inayochangwa nchini Kenya hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende, na Chagas haimo katika orodha hiyo. Mtoto wake alipimwa huko huko Italia akaonekana salama. Yeye mwenyewe alimeza dawa ya benznidazoli kwa siku 60 baada ya kumaliza kunyonyesha.

Shida ni kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukiwa mchanga. Kwa mtu mzima aliyeishi na vimelea tangu utotoni, moyo unaweza kuwa umekwisha kuguswa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao moyo wao ulikuwa tayari umeathirika, dawa ilipunguza vimelea katika damu lakini haikuzuia moyo kuendelea kudhoofika kwa kiwango cha kuridhisha. Hadi theluthi moja ya wenye ugonjwa sugu hupata matatizo ya moyo, mara nyingi miaka 10 hadi 30 baada ya kuambukizwa, na katika kipindi chote cha katikati mtu hujiona mzima kabisa. Vimelea hukaa ndani ya chembe za misuli ya moyo, kinga ya mwili hupambana navyo mwaka hadi mwaka, na mahali pa mapambano hayo hubaki kovu. Kovu likiangukia njia zinazopitisha umeme wa moyo, amri ya kupiga huchelewa au hukatika njiani. Likiangukia misuli ya chumba cha chini cha kushoto, hasa ukuta wake wa nyuma na ncha ya moyo, umeme huweza kuzunguka kovu hilo na kurudi ulikotoka, na moyo ukaanza kwenda mbio za hatari. Ndiyo maana mgonjwa mmoja wa Chagas anaweza kuwa na mapigo ya polepole mno na mapigo ya kasi mno katika wiki hiyo hiyo, na ndiyo maana baadhi yao hufa ghafla bila kuwa wamelala kitandani hata siku moja.

Wifi yangu alianza kulalamika kwamba moyo unaruka pigo kisha unapiga kwa kishindo, hasa usiku, na mara moja aliona giza akiwa jikoni akashika meza asianguke. Tulianzia katika kituo kingine cha afya, nacho sikitaji, ambako alipimwa umeme wa moyo kwa ECG ya kawaida. Karatasi ilitoka na maandishi ya mashine kwamba tawi la kulia la njia za umeme limeziba. Tukaambiwa kwamba watu wengi wazima wanalo jambo hilo, apunguze mawazo na chumvi. Ni kweli kwamba kuziba kwa tawi la kulia huonekana kwa watu wasio na ugonjwa wowote, na mtaalamu aliyetuhudumia hakusema uongo. Lakini kwa mtu aliyekulia kijijini Bolivia, kuziba kwa tawi hilo, na hasa kukifuatana na kuziba kwa kitawi cha mbele cha upande wa kushoto kama ilivyokuwa kwake, ndiyo alama inayojulikana zaidi ya moyo ulioguswa na Chagas. Hakuna aliyemuuliza alikulia wapi, na sisi wenyewe tulipotaja jina la ugonjwa halikuandikwa popote katika faili.

Hapo ndipo tofauti ya kliniki ya pili ilipojitokeza, nayo ilitokea kabla ya kifaa chochote kuwashwa. Tabibu aliyetupokea alimuuliza wifi amezaliwa wapi, nyumba ya utotoni ilikuwa ya namna gani, kama mama yake na ndugu zake wamewahi kupimwa, kama kuna aliyekufa ghafla katika ukoo, na kama amewahi kuzirai. Kisha akaomba karatasi za zamani kutoka Bergamo, akaziweka mezani pamoja na ile mpya, akazilinganisha mstari kwa mstari mbele yetu. Kwa maoni yangu, nusu ya thamani ya fedha tulizolipa ilipatikana katika mazungumzo hayo. Alitueleza pia kwa nini ECG ya kawaida isingetosha: hunasa sekunde 10 hivi, yaani mapigo kumi na kitu, ilhali moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Mwenye kutaka kuijua tabia ya bahari hawezi kuitazama kwa muda wa kuvuka barabara kisha akasema leo hakuna mawimbi.

Kufungwa kifaa kulifanywa na mtaalamu wa kike katika chumba chenye pazia na kufuli, jambo ambalo hatukulazimika kuliomba. Nimewahi kusikia wanawake wa mtaani kwetu wakisema wameahirisha vipimo vya kifua kwa kuogopa kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume. Hapa hawatakuwa na sababu hiyo. Alisafisha ngozi kwa spiriti, akaisugua kidogo kwa kitambaa kikavu, akabandika vibandiko kifuani, akaziunganisha nyaya na kuzikunja kila moja kitanzi kidogo chini ya plasta ili zisivutwe mgonjwa anapogeuka. Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko simu, kikaning'inizwa shingoni ndani ya kifuko cha kitambaa, na chini ya buibui hakikuonekana kabisa. Ni ajabu kukumbuka kwamba Norman Holter, mwanasayansi wa Montana, Marekani, ambaye kifaa hiki kinaitwa kwa jina lake, alianza na mtambo wa zaidi ya kilo 30 uliobebwa mgongoni.

Maelekezo yalikuwa mazuri na ya kufaa maisha yetu. Wifi aliambiwa asikae kitandani kama mgonjwa: apike, apande ngazi, aende sokoni, kwa sababu wanataka kuuona moyo ukiwa kazini. Asioge kwa kumwagia maji kifuani, lakini udhu hauna tatizo, na rukuu na sujudu hazitavuta nyaya iwapo kifuko kitasogezwa ubavuni. Simu asiiweke juu ya kifaa. Akisikia moyo unaruka, abonyeze kitufe na aandike saa na alichokuwa akifanya.

Na hapa nianze lawama. Shajara ya kuandikia dalili ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Wifi yangu anasema Kihispania, Kiitaliano, na Kiswahili alichojifunza kwa mama mkwe wake. Kiingereza chake ni kidogo. Mtaalamu alitafsiri kwa mdomo, lakini saa nane za usiku, moyo unapokwenda mbio, mtu hawezi kukumbuka safu ipi ni ya nini. Shajara si karatasi ya kujaza tu. Daktari anayesoma kipimo huoanisha kila alama ya mashine na kile mgonjwa alichohisi wakati huo, na pigo lililovurugika bila dalili lina uzito wake, na dalili isiyo na mvurugiko nayo ina maana yake. Kliniki inayomhudumia mama wa Mambrui au mvuvi wa Ngomeni haina udhuru wa kukosa karatasi moja ya Kiswahili, na niliwaandikia waziwazi kuhusu hilo.

Lawama ya pili ni ya vibandiko. Malindi ina joto na unyevu, na wakati wa kaskazi mtu hutoka jasho akiwa amekaa tu. Kibandiko kimoja kilianza kubanduka kabla ya magharibi. Hatukupewa vya akiba, na nambari ya simu tuliyopewa haikupokewa jioni, hivyo tulikibana kwa plasta ya kawaida. Ripoti ilipotoka ilionyesha kwamba sehemu fulani ya usiku haikusomeka vizuri katika njia moja ya kurekodi ya kifaa. Kwa bahati njema njia nyingine zilinasa. Vibandiko viwili vitatu vya akiba ndani ya bahasha ni gharama ndogo mno kwa kliniki, na vingemwondolea mgonjwa wasiwasi wa usiku mzima.

Ripoti ilichukua siku kadhaa kwa sababu husomwa na daktari bingwa wa moyo asiyekaa Malindi. Sina ugomvi na kungoja, maana ningependa kusubiri msomaji anayefaa kuliko kupewa haraka maandishi ya kompyuta. Lakini karatasi ya kwanza tuliyokabidhiwa mapokezi ilikuwa hasa hayo maandishi ya kompyuta, yakiwa na maneno ya kutisha na bila mtu wa kuyaeleza, na kaka yangu alikaa nayo usiku kucha akidhani mkewe anakufa. Ripoti iliyosainiwa na daktari ilipofika, tuliitwa, tukakalishwa, na tabibu yule yule akaifungua nasi. Huo ndio utaratibu unaostahili kuwa wa kwanza na wa pekee.

Kilichoonekana ni hiki. Mapigo ya ziada kutoka chumba cha chini yalikuwa mengi, mengine yakifuatana mawili mawili, na usiku ulikuwamo mfululizo mfupi wa mapigo ya kasi uliokoma wenyewe kabla wifi hajaamka. Kituo cha umeme cha juu ya moyo kilikuwa kizima, na hapakuwa na kusimama kwa mapigo kwa muda wa kuogofya. Kwa mgonjwa mwingine mfululizo mfupi kama huo ungeweza kufuatiliwa kwa utulivu. Kwa mwenye Chagas una nafasi yake rasmi katika hesabu ya hatari. Hesabu hiyo ilitungwa Brazil na daktari wa moyo Rassi na wenzake, ikachapishwa mwaka 2006, nayo hutoa alama 5 kwa dalili kali za moyo kushindwa kazi, 5 kwa moyo uliopanuka katika picha ya eksirei, 3 kwa udhaifu wa ukuta wa moyo unaoonekana katika eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), 3 kwa mfululizo wa mapigo ya kasi katika Holter, 2 kwa ECG yenye mawimbi mafupi, na 2 kwa kuwa mwanamume. Asiyezidi alama 6 yuko katika kundi la hatari ndogo, ambalo katika utafiti huo takriban asilimia 10 walifariki ndani ya miaka 10. Katika kundi la juu kabisa, la alama 12 na zaidi, ilikuwa asilimia 84. Mtu akitazama hesabu hiyo anaona wazi kwamba bila Holter alama 3 nzima zingebaki gizani.

Eko ilifanyika Mombasa, kwa kuwa kliniki hii haina huduma hiyo kila siku, na ilionyesha udhaifu mdogo katika ukuta wa nyuma, bila donge la damu katika ncha ya moyo. Donge hilo hutafutwa kwa makini kwa wagonjwa hawa, kwa sababu likikatika na kusafiri huleta kiharusi. Jumla yake ikawa alama 6, yaani ukingoni mwa kundi la hatari ndogo. Bingwa wa Nairobi aliyempokea kwa rufaa alimwanzishia amiodaroni, akasema wazi kwamba ikiwa baadaye mapigo yatapungua mno atahitaji betri ya moyo, na ikiwa mbio zitakuwa ndefu au atazirai, litajadiliwa suala la kifaa cha kupandikizwa kinachoushtua moyo urudi katika mwendo wake.

Amiodaroni ndiyo iliyoturudisha kwa kinasa-mapigo. Dawa hiyo hutuliza mapigo ya ziada, lakini kwa moyo ambao njia zake mbili za umeme zimekwisha kuziba inaweza kuupunguza mwendo kupita kiasi, kwa hivyo kipimo hurudiwa ili kuona kama faida haijazaa hatari mpya. Mara hii vibandiko vya akiba vilikuwapo ndani ya bahasha, na nashukuru kwamba barua yangu ilisomwa. Shajara ilikuwa bado ya Kiingereza. Mapigo ya ziada yalikuwa yamepungua sana, mfululizo wa usiku haukuonekana, na hapakuwa na kusimama kwa mapigo. Tabibu hakusahau kumwagizia vipimo vya tezi ya shingo na ini, ambavyo kila anayemeza dawa hii hupaswa kufanyiwa mara kwa mara, na alimwonya jambo ambalo sikulisikia kwingine na ambalo kila familia ya pwani yenye mgonjwa wa moyo inalihitaji: akishikwa na malaria asinunue dawa dukani bila kusema anatumia amiodaroni, kwa kuwa kwinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria nazo hugusa umeme wa moyo.

Bei imebandikwa ukutani, tulilipa kwa M-Pesa tukapewa risiti papo hapo, na hatukudaiwa shilingi ya ziada baadaye. Ngazi ni kikwazo cha kweli: mgonjwa wa moyo asiyeweza kupanda atalazimika kubebwa, na sioni kwa nini chumba cha kufungia kifaa kisihamishiwe chini. Naipa huduma nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya shajara, simu isiyopokewa jioni na ile karatasi ya kompyuta, mambo matatu yanayoweza kurekebishwa bila kununua mashine yoyote.

Anayekusudia kwenda aende asubuhi mapema, ili kifaa kinase mchana wake wa kawaida kabla ya usiku. Avae blauzi au shati la vifungo mbele, aoge kabla ya kutoka nyumbani na asijipake mafuta kifuani. Abebe ECG zake zote za zamani, hata zilizofifia, na orodha ya dawa pamoja na dozi ya kila moja. Aliyewahi kuishi Bolivia, Brazil, Argentina au nchi nyingine ya Amerika ya Kusini na ya Kati, au ambaye mama yake alitoka huko, aliseme hilo kwanza na ahakikishe limeandikwa katika faili, na kama hajawahi kupimwa damu kwa ajili ya Chagas, aombe rufaa ya kipimo hicho siku hiyo hiyo.